Lori Lililojifunza Kusalimia

Mtu akiniambia kwamba marehemu mume wangu alikuwa na kiburi enzi za ujana wake, napandwa na hasira mpaka leo, na uzee wangu huu. Kiburi! Athanas? Mtu aliyekuwa akitumwa chumvi dukani anarudi mboga imeshaungua, kwa sababu njiani kasimama kumsalimia kila mwenye pumzi? Lakini nikitulia nakubali, jina lile halikuzuka hivi hivi. Ilikuwepo miaka ambayo watu wa barabara nzima, kutoka Kahama mpaka Geita, walimwita Bwana Honi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mimi Generosa binti Mabula ndiye niliyeumia kwa jina hilo kuliko yeye mwenyewe. Kidogo tu linikoseshe mume.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Athanas alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kahama. Lori lenyewe lilikuwa la petroli, limeachwa na jeshi la Waingereza vita vilipokwisha, na rangi ya jeshi ilikuwa bado inaonekana chini ya ile ya bluu aliyoipaka yeye. Kwenda alibeba unga, chumvi na mafuta ya taa ya kupeleka mgodini Geita. Kurudi alibeba wachimbaji waliomaliza mkataba, na masanduku yao ya bati, na kofia zao mpya, wengine wamenunua gramafoni wakati huko kwao hawana hata mlango wa nyumba. Wakipita wanaimba. Sisi wasichana tulikuwa tunaacha majembe shambani tunakimbilia barabarani kuwatazama, na vumbi linatupaka nyuso zote. Jamani, ile barabara! Siku hizi ina lami, mabasi yanapita yamefunga vioo, hakuna anayemwona mwenzake. Naikumbuka ile ya vumbi mpaka roho inauma.

Sasa, taabu ilikuwa kwenye pampu ya petroli. Mambo haya siyajui kwa kusomea. Nimelala kitanda kimoja na dereva miaka mingi, na dereva akikosa la kuongea anaongea pampu. Lori lile pampu yake ilikuwa imefungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na injini yenyewe. Likitembea, hakuna neno: petroli inapita, inaipoza. Lakini ukisimama juani ukazima, joto lote la injini linahamia kwenye pampu, petroli iliyo ndani inachemka, inageuka mvuke. Ukija kuwasha, pampu inavuta hewa tupu. Unapiga stata, unazungusha hendeli, unaita watakatifu wote, wapi! Mpaka lipoe. Na kwetu jua la mwezi wa tisa mnalijua, kupoa ni mpaka ng'ombe warudi zizini.

Kwa hiyo dereva wa lori lile hakuwa na ruhusa ya kusimama njiani mchana. Akitoka Kahama, ametoka. Akikuona kando ya barabara anapiga honi, pii-pii, anapunga mkono, anapita.

Na pale ndipo palipokuwa na mgogoro, kwa sababu watu wetu ni Wasukuma. Msukuma humsalimii kwa honi. Unasimama. Unavua kofia. Kama ni mkubwa wako unainama, unapiga makofi taratibu, unasema “Mwadila” kama jua limepinda, naye anaitikia, anakuuliza wa nani, unamtajia baba yako na ukoo wako. Hapo ndiyo kwanza mmeanza. Kwenu hawajambo? Watoto? Ng'ombe? Mvua imefika? Yule mgonjwa je? Na kila swali lina jibu lake, na wewe unauliza la kwako. Mtu anayekatisha katikati ni kama amekutemea mate kwenye chakula. Wajukuu zangu wananipigia simu hapa mtaani kwangu Kambarage wanasema “Mambo, bibi,” halafu wanaomba hela. Mambo! Baba yangu angelisikia hilo angefunga safari ya kurudi kaburini.

Mimi na Athanas tulionana kwanza pale Ushirombo, siku ya soko, baada ya misa. Nilikuwa natoka kisimani na mtungi kichwani. Yeye alikuwa amesimama kushusha mzigo wa misheni, lori likamgomea, akawa ameinama kwenye injini iliyo wazi, ameifunga pampu matambara.

“Dada, naomba maji,” akasema.

Nikamshushia mtungi, nikamchotea kibuyu, nikidhani ana kiu. Huyu mwanamume akachukua maji yangu, niliyoyapangia mstari tangu alfajiri, akaimwagia injini!

“We kaka una wazimu?” nikamwambia. “Maji yangu unanywesha chuma?”

“Anaumwa homa huyu,” akanijibu, hata hacheki. “Nisamehe. Nitakurudishia kisimani mwenyewe.”

Akaubeba ule mtungi. Mwanamume mzima, dereva, na mtungi begani, anapita katikati ya soko, watu wanamcheka. Kwa kuwa lori lilikuwa limekufa, alikuwa na muda wote wa dunia. Alinisalimia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mama, mpaka za yule ndama wetu aliyevunjika mguu, maana nilishamtaja. Tuliporudi lori limepoa na mimi nimeshakwisha. Sisemi uongo, siku ile ile nilimpenda.

Tukawa tunaonana hivyo, siku za soko. Mavuno yalipokaribia akamtuma mjomba wake, Mzee Januari, aje kwetu kuposa. Nyumbani kwetu palikuwa kando ya barabara hiyo hiyo, kabla hujafika Ushirombo. Baba yangu, Mabula, alihamia huko kutoka upande wa Shinyanga akifuata malisho, na Kiswahili alikijua ila hakukipenda. Haya ninayowaambia kayasema mengi kwa Kisukuma. Alimpokea Mzee Januari vizuri, wakasalimiana mpaka wakaridhika, wakanywa togwa. Mimi nipo jikoni na mama, sikio liko ukutani.

“Kijana mwenyewe ni nani?” baba akauliza.

“Ni Athanas, yule mwenye lori la bluu.”

 Nikasikia baba anaweka kibuyu chini.

“Yule anayenipigia honi?”

“Mzee, ile ni salamu. Gari lake likisimama...”

“Honi hupigiwa ng'ombe watoke njiani,” baba akasema. “Kila wiki nakaa pale kwenye uzio wangu, kila wiki ananipigia honi. Mimi ni ng'ombe? Mwambie hapa hakuna binti.”

Mzee Januari akajaribu kueleza habari za joto na pampu. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu wa kumkata mwenzake. Kisha akauliza, “Gari linalomkataza mtu kusalimia wazee, ni la kazi gani?” Mzee wa watu akaaga.

Nililia siku ile, nisiwafiche. Nililia kwa hasira, maana baba alikuwa na haki na Athanas alikuwa na haki, na anayekosa mume ni mimi. Tena kulikuwa na mgane mmoja wa upande wa Runzewe, mwenye zizi limejaa ng'ombe, aliyekuwa ameshamtumia baba salamu nzuri nzuri. Baba alisema pamba ikishauzwa atampa jibu. Yule mgane alikuwa na watoto wakubwa kunizidi, na alikuwa anacheka kwa pua. Mimi kwake? Bora nikawe mtawa misheni, na masista wenyewe wangenirudisha kwa huu mdomo wangu.

Athanas hakukaa kimya. Wiki iliyofuata alipokaribia kwetu alipunguza mwendo lori likawa linatembea kama mgonjwa, akatoa kichwa dirishani, akavua kofia, akaanza: “Mwadila baba! Hapa hamjambo? Watoto hawajambo?” Lori linasonga. “Ng'ombe je?” Limeshapita zizi. “Na mvua...” Mvua ilikwenda kuulizwa kwenye shamba la jirani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hata hakugeuza shingo.

Wiki nyingine akasimama kabisa, akashuka, ila injini akaiacha inawaka. Akainama mbele ya baba, akapiga makofi, akasalimia. Lori linanguruma nyuma yake, linatetemesha mpaka kuku. Baba akaweka mkono sikioni. “Sikusikii,” akasema. Akainuka na kigoda chake akaingia ndani.

Basi siku ya Jumapili akaja kwa baiskeli, kavaa shati jeupe. Nikasema moyoni, hapa sasa baba atakosa sababu. Walisalimiana vizuri mno, salamu ndefu, nikaanza hata kupumua. Walipomaliza baba akamwambia, “Leo umekuja kwa baiskeli kwa sababu una shida yako. Kila mtu mwenye shida anasalimia. Siku ukiwa na lori lako na kazi zako, ukashuka ukazima, siku hiyo tutaongea.” Athanas akaitikia “Ndiyo baba,” akapanda baiskeli yake. Alipopita nyuma ya jiko akaniambia kwa sauti ya chini, “Usimkubali yule mgane. Nitalifundisha.”

“Utalifundisha nini? Na nani?”

“Lori. Kusalimia.”

Nikajua sasa huyu kijana kichwa kimeungua kabisa.

Kumbe ana lake. Pale Kahama kulikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Theonest, Mhaya kutoka Bukoba, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Uani kwake alikuwa na gari dogo la Mzungu mmoja wa mgodini lililopinduka korongoni likafa. Gari lile halikuwa na pampu ya kusukumwa na injini. Lilikuwa na pampu ya umeme, inafanya kazi kwa betri, na ilikuwa imefungwa mbali na injini kabisa, huko joto halifiki. Athanas aliizunguka ile pampu siku nzima, anaigusa, anaiacha. Mwishoni akamwambia Theonest, “Nifungie hii kwenye lori.”

“Umeme na petroli sehemu moja?” Theonest akamjibu. “Waya ukilegea, wewe utafika Geita kabla ya lori.”

“Funga vizuri basi, usilegee.”

Walifanya kazi hiyo wote wawili. Pampu ya zamani waliing'oa, na tundu lililobaki ubavuni mwa injini wakaliziba kwa kipande cha chuma, chini yake wameweka ngozi ya kiatu iliyokatwa vizuri ili oili isivuje. Ile ya umeme wakaifunga kwa nati kwenye chasisi huko nyuma, karibu na tangi. Wakatandika bomba jipya mpaka kwenye kabureta, wanalipitisha mbali na ekzosi. Wakavuta waya kutoka kwenye swichi. Malipo ya Theonest yalikuwa baiskeli ya Athanas. Mwenye lori alipoulizwa akasema wafanye wanavyotaka, ila likiungua Athanas asirudi pale.

Siku ya kujaribu walilitembeza mpaka likachemka, wakalizima katikati ya jua, wakaenda kunywa chai. Waliporudi Athanas akawasha swichi. Nyuma kule pampu ikaanza kugonga: tik-tik-tik-tik, kwa haraka, halafu ikapunguza, tik... tik, ikatulia. Maana yake kabureta imejaa. Akakanyaga stata. Likawaka pale pale. Theonest alirukaruka uani akipiga kelele za Kihaya, na Athanas alinisimulia kwamba yeye alikaa tu kwenye usukani, machozi yanamtoka, hata hajui kwa nini. Mimi najua. Alikuwa ananifikiria mimi, mpuuzi yule.

Sasa sikilizeni alivyokwenda kuharibu. Aliondoka Kahama na lori tupu, anakwenda Ushirombo kuchukua pamba, na kwa maringo yake ile hendeli ya kuzungushia injini akaiacha kwa Theonest. Eti ya nini tena, lori limeshakuwa la kisasa! Alipofika kwetu jua lilikuwa linaunguza. Baba yuko pale pale kwenye uzio. Honi haikulia. Lori likasimama, likazimwa, na kukawa kimya ambacho sisi tulikuwa hatujawahi kukisikia kutoka kwenye lori lile. Mimi nilikuwa natwanga mahindi, mchi ukabaki hewani.

Athanas akashuka, akavua kofia, akainama. “Mwadila, baba.”

Baba akamtazama yeye, akalitazama lori, akamtazama tena. “Mwadila,” akaitikia. “Wa nani wewe?” Alikuwa anamjua vizuri! Lakini ndivyo inavyoanza.

Wakaanza. Na huku nyuma, kila baada ya kitambo, lori linasema tik. Maana Athanas aliogopa. Aliogopa ile pampu ikilala isije ikakataa kuamka mbele ya mkwe, kwa hiyo injini kaizima lakini swichi kairudisha, kaiacha wazi, ili pampu ikae macho. Tik. Baba akasita katikati ya habari za mvua.

“Kinachogonga pale ni nini?”

“Ni pampu, baba. Inanisubiri.”

“Kina haraka,” baba akasema. Akavuta kigoda kingine, akamwambia Athanas akae.

Hapo nikajua baba yangu amekusudia. Alimuuliza habari za mjomba, za mama yake, za waliokufa na walikufa kwa nini. Aliuliza habari za mgodini, kama ni kweli watu wanaingia chini ya ardhi mpaka hawaoni jua. Akamweleza habari za ng'ombe mmoja mmoja, na kila ng'ombe alitoka wapi. Athanas anaitikia, anauliza vizuri, hatazami nyuma hata mara moja. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mama akapeleka togwa, akarudi ananong'ona, “Mumeo ana uvumilivu.” Nikamwambia, “Mama, usiseme mumeo, utaniletea nuksi.”

Walipomaliza baba akasema, “Umesalimia. Nenda salama.” Basi. Hakuna neno la posa, hakuna njoo siku fulani. Nikamwona Athanas mabega yanashuka. Akaaga, akapanda, akakanyaga stata.

Lori likasema nyee, kidogo. Halafu halikusema tena.

Betri ilikuwa imekwisha. Theonest alimweleza baadaye kwamba si pampu iliyoimaliza. Swichi ikiwa wazi injini imezimwa, koili, ile inayotoa cheche, inakunywa umeme muda wote, na betri yenyewe ilikuwa kuukuu. Lakini siku ile yeye alijua tu kwamba amekwisha. Hana hendeli. Jua linazama. Akashuka, akafungua boneti, akafunga. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba nina hasira naye. Yaani umeshinda vita, halafu unaanguka mlangoni!

Baba alikuja mpaka pale alipo. “Limekataa?”

“Limekataa, baba.”

“Basi wewe ni mgeni,” baba akasema. Na mgeni kwetu hapewi pole tu, anapewa maji ya kuoga. Athanas akaoga, akala ugali wa mtama na maziwa mgando, akalala kwenye nyumba ya kaka zangu. Kulipokucha alizunguka boma zima akisalimia: bibi yangu asiyeona, mama, watoto, majirani waliokuja kushangaa. Hakuna aliyemkimbiza wala pampu ya kumgongea. Nadhani asubuhi ile ndipo baba alipomwona kwa mara ya kwanza, maana siku zote alikuwa anaona vumbi lake tu.

Baada ya uji, baba akauliza, “Hili linataka nini ili liamke?”

“Kusukumwa, baba. Nitaita vijana.”

“Vijana wako machungani,” baba akasema. Akaweka fimbo yake kwenye uzio, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma ya lori. Mnaelewa? Baba mkwe wa Kisukuma, akamsukumie lori anayemposea binti! Majirani walipomwona wakaona haya kusimama, wakaja wote, wanaume kwa wanawake, hata mimi nikaenda kuweka bega, na mama akajifanya hanioni. Tukasukuma. Pale barabara inaposhuka kidogo lori likashika, likatoa moshi, likanguruma.

Na kwa kuwa betri ilikuwa haina kitu, Athanas hakuthubutu kusimama. Kusimama ni kulizima tena. Akaenda nalo, vumbi juu, na sisi tumebaki barabarani tunapepesuka, baba amepakwa vumbi mpaka kwenye kope. Na yule mwendawazimu, asijue la kufanya, akapiga honi. Pii-pii!

 Mimi nikafumba macho. Nikasema, imekwisha hiyo, nenda Runzewe ukamsikilize mgane anavyocheka kwa pua.

Nikasikia kicheko. Baba yangu! Alikuwa ameshika magoti, anacheka, anakohoa vumbi, anacheka tena. Akainua mkono kuelekea lile vumbi akaitikia kwa sauti, “Mwadila!” ile salamu ya jua likipinda, na ilikuwa asubuhi. Kisha akamgeukia mama akasema, “Mama Generosa, mtume mtu Runzewe. Yule bwana asijisumbue na ng'ombe wake.”

Tulifunga ndoa Ushirombo baada ya pamba kuuzwa. Bwana harusi aliendesha lori mwenyewe, maana hakuwepo mwingine wa kumwamini nalo. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, na gauni langu jeupe limefunikwa shuka lisipate vumbi, na wanawake wanaimba. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa baba. Alikuwa hajawahi kupanda gari maisha yake yote, na alipogundua kwamba lile sasa linaweza kusimama na kuwaka, ikawa taabu nyingine. Kila boma tuliloliona, “Simamisha.” Anashuka, anasalimia, anaeleza kwamba anampeleka binti, anaulizwa ng'ombe, anauliza ng'ombe. Athanas anazima na swichi. Akirudi, tik-tik-tik, tunaondoka. Boma la pili, “Simamisha.” Wanawake waliimba mpaka nyimbo zikaisha. Mimi nilikuwa natukana chini ya shuka. Padri atakuwa ameshakula, ameshalala!

Tulipokaribia Ushirombo, mnara wa kanisa unaonekana, nikasikia tena, “Simamisha.” Nikachungulia. Hakukuwa na boma, hakukuwa na mtu, pori tupu upande huu na upande huu.

“Baba, hapa hapana mtu,” nikamsikia Athanas.

“Yupo. Zima.”

Lori likazimwa. Baba akashuka, akaja taratibu mpaka nyuma, akasimama pale nilipokaa. Akavua kofia. Akapiga makofi, polepole, kama unavyomsalimia mtu wa heshima zako.

“Mwadila, mayu,” akaniambia. Mayu ni mama; hivyo ndivyo unavyomwita mwanamke mwenye mji wake.

 Nikaitikia, “Mwadila, baba.”

“Kwenu hawajambo?”

Nilitaka kumjibu kwa ule mdomo wangu: baba, si tumetoka wote asubuhi, si umewaacha mwenyewe? Neno likafika kwenye ulimi. Ndipo nikamtazama usoni nikaelewa ni kwenu kupi anakouliza. Ni kwa Athanas. Ni nyumba ambayo ndani yake nilikuwa bado sijalala hata siku moja.

“Hawajambo, baba.”

“Mwenzako hajambo?”

“Hajambo.”

Akanisubiri. Ilikuwa zamu yangu kuuliza, na nilijua ninachotakiwa kuuliza. Akaendelea kunisubiri, kofia mkononi, jua linampiga kwenye upara.

“Na huko kwenu, baba,” nikasema. “Hawajambo?”

“Hawajambo,” baba akajibu. “Ila wamepungua mmoja.”

Akavaa kofia yake, akarudi mbele, na Athanas akawasha lori.